Vipimo Vinavyokwenda Sanjari: Maandalizi ya Data Kabla ya Kufunza Mtandao wa Neva

Wataalamu wa maabara hufundishwa mapema kanuni moja ya zamani kuhusu damu: kiasi cha hemoglobini kikizidishwa kwa tatu, jibu hukaribia hematokriti, yaani asilimia ya ujazo wa damu inayochukuliwa na seli nyekundu. Mtu mwenye hemoglobini ya gramu 14 kwa desilita anatarajiwa kuwa na hematokriti ya takriban asilimia 42. Tofauti ikizidi pointi 3 juu au chini, mtaalamu makini hatoi majibu upesi. Huitazama upya sampuli, huikagua mashine, na ikibidi huandaa slaidi ya damu na kuiweka chini ya hadubini. Kanuni hiyo hufaa kwa sababu hemoglobini hubebwa ndani ya seli nyekundu, na seli zenye ukubwa na rangi ya kawaida hubeba kiasi kinachokaribiana. Anayejua kipimo kimoja anakaribia kukijua cha pili.

Ukaribu huohuo unaomsaidia mtaalamu wa maabara huusumbua mtandao wa neva bandia. Mtandao wa aina hii ni programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano: hupewa vipimo vya wagonjwa wengi pamoja na utambuzi wa ugonjwa uliokwisha kuthibitishwa, kisha hujirekebisha kidogo kidogo hadi makadirio yake yakaribiane na utambuzi huo. Vipimo vinavyoingizwa vikiwa vinakwenda sanjari, kama hemoglobini na hematokriti, kujirekebisha huko huwa kwa taabu na kwa polepole, hata pale ambapo taarifa zote zinazohitajika zimo ndani ya data. Ndiyo maana data huandaliwa kabla ya mafunzo kuanza. Maandalizi yenyewe ni hesabu isiyo ngumu, lakini ndani yake mmejificha uamuzi wa kitabibu ambao mara nyingi huachiwa mhandisi peke yake.

Chanzo cha taabu hiyo huonekana vizuri katika mtandao mdogo kabisa, wenye maingizo mawili tu. Kila ingizo huzidishwa kwa namba inayoitwa uzani, na kufunza mtandao ni kutafuta uzani utakaopunguza kosa. Kwa kuwa namba za uzani ni mbili, kila jozi yake inaweza kuchukuliwa kuwa mahali fulani kwenye uwanda, na ukubwa wa kosa kuwa kimo cha ardhi mahali hapo. Kompyuta hailioni bonde lote. Huhisi mteremko wa pale iliposimama, hupiga hatua kuelekea upande unaoteremka zaidi, kisha huhisi tena. Bonde likiwa la mviringo kama bakuli, mteremko huelekea moja kwa moja chini kabisa, na safari huwa fupi.

Vipimo vikikwenda sanjari, bakuli hugeuka kuwa mtumbwi. Uzani wa hemoglobini ukiongezwa, na wa hematokriti ukapunguzwa kwa kiasi kilekile, makadirio ya mtandao karibu hayabadiliki, maana vipimo hivyo viwili vinasema karibu jambo moja na kilichoongezwa huku kimeondolewa kule. Kosa halibadiliki, kwa hiyo hakuna mteremko wa kufuata: hiyo ndiyo sakafu ndefu ya mtumbwi. Namba zote mbili zikiongezwa kwa pamoja, makadirio huruka: hizo ndizo kuta zake za pembeni. Urefu wa hatua ni mmoja kwa pande zote. Hatua ndefu huurusha mtandao kutoka ukuta hadi ukuta. Hatua fupi huuacha ukitambaa sakafuni.

Hesabu ndogo huonyesha ukubwa wa tatizo. Tuseme vipimo vyote viwili vimekwisha kuwekwa kwenye skeli moja, na kigezo cha uhusiano kati yao ni 0.98, ambapo 1 ni kwenda sanjari bila kuachana hata kidogo. Kosa likipimwa kwa nusu ya wastani wa miraba ya tofauti, ukali wa bonde upande wa kuta ni 1 kuongeza 0.98, yaani 1.98, na upande wa sakafu ni 1 kutoa 0.98, yaani 0.02. Ukuta ni mkali mara 99 kuliko sakafu. Hatua yenye urefu wa 0.5 huondoa asilimia 99 ya umbali uliobaki upande wa kuta kwa mara moja, lakini sakafuni huondoa asilimia 1 tu. Baada ya hatua 100 bado zaidi ya theluthi moja ya safari ya sakafuni imebaki, na ili ibaki chini ya asilimia 1 zinahitajika hatua 459. Kurefusha hatua si dawa, kwa sababu ikizidi takriban 1.01 mtandao huanza kupanda kuta badala ya kushuka. Bonde lilelile likifanywa la mviringo, lenye ukali wa 1 kila upande, hatua 7 za urefu uleule wa 0.5 zinatosha. Mitandao mikubwa ina mabonde yenye mapindo mengi zaidi ya hili, lakini tabaka lake la kwanza hukutana na mtumbwi wa namna hiihii.

Namna ya kulifanya bonde kuwa la mviringo ilielezwa kwa ufasaha mwaka 1998 na Yann LeCun pamoja na wenzake Léon Bottou, Genevieve Orr na Klaus-Robert Müller, katika sura ya kitabu ambayo mpaka leo wahandisi huirejea. Ushauri wao una sehemu tatu. Ya kwanza ni kutoa wastani wa kila kipimo, ili namba ziwe pande zote mbili za sifuri. Vipimo vya damu vyote ni namba chanya. Kwa hiyo, kwa kila mgonjwa mmoja mmoja, namba za uzani zinazoingia kwenye neva moja husukumwa zote juu au zote chini kwa pamoja. Ikiwa moja inahitaji kupanda na nyingine kushuka, mtandao hulazimika kwenda upande huu na ule kama jahazi linalobisha dhidi ya upepo.

Sehemu ya pili ni kuvipa vipimo vyote skeli moja, kwa kugawa kila kimoja kwa mkengeuko sanifu wake, yaani kiasi ambacho kwa kawaida thamani zake hutawanyika kutoka kwenye wastani. Umuhimu wa hatua hii unaonekana katika data maarufu za saratani ya titi kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, zilizoandaliwa na daktari wa upasuaji William Wolberg pamoja na Nick Street na Olvi Mangasarian, na ambazo tangu mwaka 1995 zimewekwa wazi kwa watafiti wote. Zinahusu sampuli 569 zilizonyonywa kwa sindano nyembamba kutoka kwenye uvimbe wa titi; 357 hazikuwa saratani na 212 zilikuwa saratani. Viini vya seli vilipigwa picha na kupimwa kwa kompyuta, na kila sampuli ikapewa namba 30: sifa kumi, kila moja ikielezwa kwa wastani wake, kosa sanifu lake, na wastani wa thamani zake tatu kubwa kuliko zote.

Miongoni mwa sifa hizo kumi kuna nusukipenyo cha kiini, mzingo wake na eneo lake. Mwanafunzi yeyote aliyefundishwa duara anajua kwamba mtu akipewa kimoja atavipata vingine viwili kwa hesabu. Viini vya seli si duara kamili, hasa vya saratani, lakini vinakaribia kiasi kwamba kigezo cha uhusiano kati ya nusukipenyo na mzingo kinazidi 0.99. Wakati huohuo skeli zake zinapishana mno. Wastani wa eneo ni takriban 655, ilhali ulaini wa ukingo wa kiini hupimwa kwa namba zinazozunguka 0.1. Mtafiti akitafuta mwelekeo ambao data hizo zimetawanyika zaidi bila kusawazisha skeli, mwelekeo wa kwanza humeza takriban asilimia 98 ya mtawanyiko wote, na karibu wote ni eneo. Hilo halielezi lolote kuhusu saratani. Linaeleza tu kwamba eneo limeandikwa kwa namba kubwa. Skeli zikishasawazishwa, mwelekeo wa kwanza huchukua takriban asilimia 44, miwili ya kwanza asilimia 63, na saba ya kwanza asilimia 91. Namba ni 30, lakini mambo tofauti yanayosemwa na namba hizo ni machache zaidi ya hapo.

Kuitafuta mielekeo hiyo ndiyo sehemu ya tatu, na hesabu yake ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Karl Pearson aliieleza mwaka 1901 jijini London, na Harold Hotelling akaiendeleza mwaka 1933 nchini Marekani alipokuwa akishughulikia alama za mitihani. Jina lake ni uchanganuzi wa vijenzi vikuu. Huzungusha mihimili ya data mpaka kila mhimili mpya usihusiane kwa mstari na mwingine. Kwa hemoglobini na hematokriti zilizokwisha kusawazishwa, jibu halihitaji hata kompyuta: mhimili mmoja ni jumla ya vipimo hivyo viwili na mwingine ni tofauti yake. Jumla hueleza kama seli nyekundu na hemoglobini ni nyingi au chache. Tofauti hueleza kama seli zilizopo zimejaa hemoglobini au zimepwaya. Mwisho, kila mhimili mpya hugawanywa kwa mkengeuko wake, ili yote iwe na mtawanyiko sawa. Wahandisi huita tendo hilo kuweupisha data, kwa kufananisha na mwanga mweupe ambao ndani yake rangi zote zimo kwa kipimo kimoja.

Hakuna taarifa inayoongezwa wala kupotea katika kuzungusha na kusawazisha huko, mradi hakuna mhimili uliotupwa. Chochote ambacho mtandao ungeweza kukisema kwa vipimo vya awali, unaweza kukisema kwa vipya. Kilichobadilika ni urefu wa njia ya kukifikia. Zipo pia mbinu za kisasa za kufunza, kama ile iitwayo Adam, ambazo hubadilisha urefu wa hatua kwa kila uzani peke yake. Hizo husaidia sana pale ambapo skeli zimepishana, lakini haziizungushi mihimili, kwa hiyo mtumbwi uliolala mshazari hubaki mshazari.

Ugumu wa kitabibu huanzia kwenye mhimili mwembamba. Katika mfano wa kigezo cha 0.98, mkengeuko wa mhimili wa tofauti ni takriban 0.14, kuugawa kwa namba hiyo ni sawa na kuukuza mara saba hivi. Kilichokuwa mnong'ono kinapewa sauti sawa na kilichokuwa kikisemwa kwa nguvu. Je, mnong'ono huo ulikuwa na maana?

Wafikiriwe watoto wawili, wote wakiwa na hemoglobini ya gramu 11 kwa desilita. Hematokriti ya wa kwanza ni 33, ya wa pili ni 36. Hemoglobini ikigawanywa kwa hematokriti hutoa kipimo ambacho karatasi ya majibu hukiandika MCHC: kwa mtoto wa kwanza ni gramu 33.3 kwa desilita ya seli, ambayo ni ya kawaida. Kwa wa pili ni 30.6, na seli zake zimepauka kama zinavyopauka pale mwili unapokosa madini ya chuma. Upande mwingine, katika ugonjwa wa kurithi unaozifanya seli nyekundu kuwa za mviringo kama mpira, kipimo hicho hupanda, mara nyingi juu ya 36. Yote haya yamo katika mhimili mwembamba. Mhandisi anayetupa mielekeo yenye mtawanyiko mdogo ili kurahisisha kazi, akiridhika kwamba amebakiza asilimia 99 ya mtawanyiko, huenda ametupa ugonjwa wenyewe. Mtawanyiko hupima wingi wa tofauti kati ya watu. Hauna habari na ugonjwa.

Hata hivyo, mhimili huohuo ndimo makosa ya maabara yanamokaa. Sampuli yenye mafuta mengi huipandisha hemoglobini kwa uongo. Kingamwili za baridi huzishikanisha seli, mashine ikahesabu chache kuliko zilizopo. Damu iliyokaa muda mrefu kwenye joto la kawaida kabla ya kupimwa huvimbisha seli zake, hematokriti ikapanda na MCHC ikashuka. Hili la mwisho linastahili kufikiriwa sana mahali ambapo damu hutolewa kwenye zahanati na kupimwa katika hospitali ya mbali: mtandao uliokuziwa mhimili huo unaweza kujifunza umbali wa barabara badala ya upungufu wa madini ya chuma, na bado ukaonekana hodari iwapo watoto wa mbali ndio wenye upungufu zaidi.

Njia ya kati inayotumika sana ni kuongeza namba ndogo kwenye mtawanyiko wa kila mhimili kabla ya kugawa. Mihimili mipana haihisi nyongeza hiyo, ilhali myembamba kupita kiasi hukuzwa kidogo tu. Ukubwa wa namba hiyo huchaguliwa kwa kujaribu, lakini ni busara zaidi kuanzia kwenye kitu kinachojulikana, yaani kiasi ambacho mashine yenyewe hutofautiana inapopima sampuli moja mara mbili. Mtawanyiko uliozama chini ya kiwango hicho haustahili kukuzwa.

Wakati mwingine dawa ni kusoma maelezo ya mashine kabla ya kufanya hesabu yoyote. Karatasi ya picha kamili ya damu huonyesha hemoglobini, idadi ya seli nyekundu, ukubwa wa wastani wa seli, hematokriti, hemoglobini kwa kila seli, na MCHC. Kwa mashine nyingi za siku hizi, tatu za kwanza ndizo zinazopimwa; hematokriti hupatikana kwa kuzidisha idadi ya seli kwa ukubwa wake, na mbili zilizobaki kwa kugawanya. Namba sita, mambo matatu. Zikigeuzwa kuwa logi, ambapo kuzidisha hugeuka kuwa kujumlisha, mihimili mitatu hubaki bila upana wowote isipokuwa ule unaotokana na kukadiria desimali. Kuweupisha data kama hizo ni kuzipa desimali zilizokatwa na mashine ya kuchapa hadhi sawa na upungufu wa damu. Heri kuziondoa namba tatu mapema, na daktari ndiye anayefaa kusema zipi zibaki.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwenye majibu ya majaribio, kwa sababu huyapendezesha. Wastani, mikengeuko na mihimili yote hupaswa kukokotolewa kwa wagonjwa wa mafunzo peke yao, kisha namba hizo zigandishwe na kutumika vilevile kwa wagonjwa wa kujaribia. Anayekokotoa kwa wote pamoja amewaonyesha wanafunzi sehemu ya mtihani. Namba hizo zilizogandishwa ni sehemu ya mtandao sawa na uzani wake, na husafiri nao popote unapopelekwa.

Kusafiri huko kuna mashaka yake. Shirika la Afya Duniani hushauri viwango vya hemoglobini virekebishwe kulingana na mwinuko, kwa kuwa hewa ya nyanda za juu ina oksijeni haba na mwili hujibu kwa kuongeza hemoglobini. Mtandao ulioandaliwa kwa wastani wa Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, ukipelekwa Mbeya, utamwona mtu wa kawaida wa huko kuwa juu ya wastani, na aliyeanza kupungukiwa damu kuwa wa kawaida. Wastani ni rahisi kurekebisha. Mihimili ni migumu zaidi. Katika pwani ya Afrika Mashariki watu wengi hubeba aina nyepesi ya thalasemia ya alfa, inayopunguza ukubwa wa seli nyekundu huku idadi yake ikielekea kuwa kubwa. Uhusiano kati ya idadi ya seli na hemoglobini katika jamii kama hiyo haufanani na ule wa jamii isiyo na hali hiyo, na mihimili iliyozungushwa kwa moja hulala mshazari kwa nyingine.

Kwa picha, kama za eksirei ya kifua, kuweupisha kikamilifu hakuwezekani kirahisi. Picha ndogo ya nukta 224 kwa 224 ina maingizo 50,176, na jedwali la namna kila nukta inavyobadilika pamoja na nyingine lina visanduku zaidi ya bilioni 2.5. Sergey Ioffe na Christian Szegedy walipopendekeza mwaka 2015 njia ya kusawazisha namba ndani ya matabaka ya mtandao wakati wa mafunzo, walieleza kwamba kuweupisha kikamilifu kungekuwa ghali, wakabaki na kutoa wastani na kugawa kwa mkengeuko, kila neva peke yake. Kwa mitandao mikubwa hilo limetosha sana. Kwa data za jedwali zenye vipimo kumi, ishirini au thelathini, ambazo ndizo hospitali nyingi zinazo, hakuna sababu ya kuiruka hatua ya kuzungusha, labda pale inapotumiwa miti ya maamuzi, ambayo hutazama kipimo kimoja kwa wakati na haijali skeli.

Daktari aliyealikwa kwenye kazi ya namna hii anaweza kuomba jambo moja ambalo mhandisi atalitimiza kwa dakika chache: orodha ya wagonjwa ishirini walio kwenye ncha mbili za mhimili mwembamba kuliko yote, pamoja na namba za majalada yao. Majalada hayo yakifunguliwa, na slaidi zao zikitazamwa upya pale zilipohifadhiwa, itajulikana kama kwenye ncha hizo kuna watoto wenye seli zilizopauka, au kuna sampuli zilizochelewa kufika maabara.